Kogo Apakwa Rangi

Mzee Kibii alipoambiwa kwamba mkubwa mmoja wa kaunti atapita kuiona karakana yake, hakuuliza mkubwa huyo anakuja kuona nini. Alienda kununua rangi.

Sijui ni nani aliyetufundisha hivyo, lakini ndivyo tulivyo huku kwetu. Mgeni akitajwa tu, mawe ya njiani yanapakwa chokaa, miti inavishwa soksi nyeupe, na choo kilichofungwa tangu mwaka juzi kinapata mlango mpya usio na kitasa. Shida zetu hatuzitatui, tunazipaka. Mgeni naye anajua, kwa sababu hata kwake wanafanya vivyo hivyo, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika.

Karakana yetu iko hapa Nakuru, upande wa viwanda, nyuma ya reli. Mimi ni Wangare, na kazi yangu ni mashine moja tu, ile tunayoiita Kogo, jina ambalo Wakalenjin humwitia nyanya yao. Kogo aliletwa na masetla, akawaona wakifunga mizigo na kwenda, naye akabaki. Juu ana jiwe la kusaga linalozunguka. Chini ana meza ndefu ya chuma inayokwenda na kurudi, ikisukumwa na oili ambayo pampu huivuta kutoka kwenye tangi lililo ubavuni. Silinda hedi ya lori iliyopinda, visu vya mashine za mbao kutoka Elburgon, vyote hulazwa pale na kuondoka vimenyooka.

Kabla ya Kogo nilikuwa Naivasha kwenye maua. Nilikata waridi za watu wanaopendana huko Ulaya, miiba ikinichana mikono na dawa ikiniwasha macho, na jioni nilirudi kwa mama yangu kule Ndabibi nikinukia kama bibi harusi na kuonekana kama maiti. Niliapa sitarudi. Sasa, karakana nyingine hazina mashine kama Kogo, na mimi mashine nyingine siijui. Kwa hiyo Kogo akifa, mimi narudi kukata maua. Mtu asiniambie basi kwamba hasira zangu zilikuwa za bure.

Kumpaka Kogo, Mzee hakumwachia mtu. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akampaka mwenyewe kwa rangi ya kijani kibichi. Alimpaka mara ya kwanza, akampaka mara ya pili, kisha akampaka ya tatu kwa sababu rangi ilibaki kwenye kopo na yeye si mtu wa kutupa kitu. Hakubagua. Alipaka miguu, alipaka boliti, alipaka viungo vya tangi na kila kilichosimama juu ya tangi. Kibao cha shaba chenye jina la waliomtengeneza Kogo alikipaka pia, ili wasije wakajivuna.

Mkubwa hakuja. Alimtuma mwakilishi, mwakilishi akamtuma dereva, na dereva akajipiga picha mbele ya Kogo, akauliza choo kiko wapi, akakuta mlango hauna kitasa, akaondoka.

Baada ya hapo Kogo akaanza kulia.

Asubuhi alifanya kazi bila neno. Chai ya saa nne ikishanyweka, pampu ilianza kunguruma, kisha ikalia kama ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na meza badala ya kuteleza ikawa inakwenda kwa kushtukashtuka. Chuma kilitoka na mawimbi. Mwenye lori mmoja aliniuliza kama nimemsagia silinda hedi au nimemsukia mkeka.

Wa kwanza kumtibu alikuwa Masinde, fundi wetu wa matengenezo. Masinde ni mtu mwema, ila tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui".

"Hiyo ni sili, madam," alisema hata kabla hajafika karibu. "Sili zimeisha."

Akabadilisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili kuvuja. Kabla ya kuwasha alifungua kifuniko cha tangi aone oili imefika wapi, na kifuniko kikasema fyuuu.

"Umesikia?" Masinde akanitazama kwa huruma. "Hiyo ni gesi inatoka. Alikuwa amejaa gesi."

Kogo akawashwa, meza ikateleza. Jioni nzima Masinde alitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Kesho yake, chai ikanyweka, Kogo akalia.

Wa pili alikuwa Kamande, mume wa mpwa wa Mzee, injinia kule kwenye umeme wa mvuke wa ardhini Naivasha. Alikuja na koti linalong'aa ambalo hakulivua hata wakati wa kula. Alimzunguka Kogo, akafungua kifuniko, fyuuu, akachovya kidole kwenye oili na kukinusa.

"Unaona, Mzee? Presha ilikuwa imebuild up huko ndani," alisema. "Na hii oili imechoka. Iko light sana."

Oili yote ikamwagwa, ikaletwa nyingine nzito. Kogo akateleza vizuri hata mimi nikaanza kuamini. Kamande akarekodi video, akawatumia watu wa kazini kwake, akaenda zake. Kesho yake, chai ikanyweka, Kogo akalia kwa sauti nzito zaidi, nadhani kwa sababu ya ile oili.

Wa tatu alikuwa pasta wa Mzee. Huyo hakutaka spana. Aliomba tu kifuniko kifunguliwe, neno lipate pa kuingilia. Masinde akafungua. Fyuuu. Pasta akarudi nyuma hatua moja, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

"Imetoka," alisema.

Na kweli, Kogo hakulia tena siku hiyo. Kwa hiyo katika mafundi wote watatu, pasta ndiye aliyefanya kazi safi zaidi, na hakuacha hata tone la oili sakafuni. Kesho yake, chai ikanyweka. Nadhani mengine mnayajua.

Mzee Kibii akachoka. Alisimama mbele yangu akiwa ameshika kofia, sauti ya matanga kabisa.

"Wangare, Kogo amezeeka. Ijumaa Sitati anakuja na lori."

Sitati ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Huyo hajali mashine ilifanya kazi gani, anajali inavuta mizani kiasi gani.

"Na mimi, mzee?" niliuliza.

"Wewe bado uko na nguvu. Na maua bado yanamea."

Nilienda nyuma ya karakana nikalia, halafu nikarudi nikiwa na hasira, kwa sababu machozi hayajawahi kunisaidia na hasira imenisaidia mara nyingi.

Alhamisi asubuhi Masinde alileta kopo lililobaki la oili ya Kamande. Kogo siku zote huvuja kidogo, ndiyo maana tumemwekea karai chini, na kila asubuhi tunamrudishia kilichodondoka. Masinde alisema heri aondoke ameshiba. Alitoboa kopo tundu moja kwa bisibisi, akaliinamisha. Oili ikatoka kwa kwikwi, gluku, gluku, ikammwagikia kiatu. Akatukana, akalisimamisha kopo, akatoboa tundu la pili upande wa pili, akainamisha tena. Oili ikatiririka bila kelele.

Hilo hata mtoto anayetumwa jikoni analijua. Kopo la mafuta hutobolewa matundu mawili, moja la mafuta kutoka na moja la hewa kuingia. Ukitoboa moja, utasimama pale ukilitikisa mpaka mgeni alale njaa. Nikalitazama kopo. Nikamtazama Kogo.

"Masinde, tundu la pili la Kogo liko wapi?"

"Tundu gani?"

"La hewa. Hii oili ikidondoka kwa karai, ni nini inaingia pahali pake?"

Nilimwona akilitafuta neno ambalo hajawahi kulitumia.

Tukafunga kifuniko, nikamwasha Kogo, nikafanya kazi. Chai ikanyweka. Alipoanza kulia nilimwambia Masinde alegeze kifuniko taratibu, nami nikaweka kitambaa changu cha kufutia mikono pale kwenye upenyo. Fyuuu. Kitambaa kikavutwa ndani mpaka nikakishika kwa mikono miwili kukitoa. Na Kogo akanyamaza hapo hapo.

Yaani wanaume watatu, mmoja na Biblia mkononi, walisikia fyuuu ileile na wote wakasema kuna kitu kimetoka. Kilikuwa kinaingia. Kogo alikuwa anakosa pumzi. Asubuhi tulipomrudishia oili alipata hewa kidogo, na kufikia chai ya saa nne ilikuwa imekwisha. Kila aliyemfungua mdomo alimpa pumzi ya saa chache, kisha akaondoka na sifa, na kifuniko kikafungwa.

Tundu lake tulilikuta juu ya tangi, nyuma. Lilikuwa na kofia ndogo yenye wavu wa kuzuia vumbi, lakini sasa ilionekana kama andazi la kijani. Masinde aliikwangua kwa kisu, akaiosha kwa petroli, akairudisha. Kogo akafanya kazi mpaka jioni bila kuguna.

Hapo ndipo Masinde alipoanza kuogopa.

"Tuseme tu Mungu ametenda," alisema.

"Mungu hakununua rangi."

"Wangare, Mzee ni mzee. Huwezi kumwambia ameharibu mashine yake. Utaanzia wapi?"

Hata mimi nilijua hivyo. Kwetu mzee hakosei, mzee hupitiwa, na hata kupitiwa kwenyewe hakutajwi. Lakini Kogo alikuwa amepona mara tatu na kuugua mara tatu. Bila kusikia sababu, Mzee angedhani hii ni ile nafuu ya mgonjwa anayeaga, na angemuuza tu. Nililala vibaya usiku ule.

Ijumaa Sitati aliegesha lori mlangoni mapema. Mzee alikuja amevaa tai. Nikajitokeza.

"Mzee, Kogo amepona. Tundu lake la kupumulia lilikuwa limezibwa na rangi. Tumelizibua."

"Rangi gani?"

"Hii ya mgeni."

"Nani alipaka hapo?"

Masinde akaanza kuyachunguza mabati ya paa.

"Ni wewe, mzee," nikasema.

Mzee Kibii hakupandisha sauti. Alirekebisha tai, akageukia mlangoni.

"Sitati, leta mnyororo."

Nilielewa mara moja. Aliona heri akose mashine kuliko kukosea. Nasema wazi kwamba wakati huo nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote.

Sitati akaingia na mnyororo begani. Kwa mazoea ya kazi yake alimgonga Kogo kwa nyundo hapa na pale, kisha akachukua msumari akamkwaruza ubavuni aone chuma. Ganda refu la rangi likajikunja na kuanguka.

"Eh, mzee," alisema akicheka. "Hii makelele yote ya rangi ni ya nini? Mimi nanunua chuma, rangi sinunui. Itabidi nitoe uzito wake kwa kilo."

"Makelele?" Mzee aliuliza.

"Angalia vile imetiririka hapa. Ni nani alipaka, watoto wa nursery?"

Masinde alirudi kwenye mabati. Mzee Kibii alisogea, akainama, akatazama pale palipotiririka, akatazama na pale palipokwaruzwa. Shingo yake ilivimba ndani ya tai.

"Toa mkono."

"Mzee, nilikuwa tu..."

"Nimesema toa mkono kwa mashine yangu. Na hiyo mnyororo yako irudi kwa lori."

Sitati alijaribu kucheka, akajaribu kuomba radhi, akajaribu hata kuisifu rangi, lakini alikuwa amechelewa. Lori lilirudi tupu kama lilivyokuja. Mzee alitoa leso mfukoni, akafuta vumbi la mkwaruzo kama anayemfuta mtoto machozi.

"Wangare, washa."

Nikawasha. Meza ikaenda, ikarudi. Mzee alivuta kiti akaketi. Chai ya saa nne ililetwa, akainywa hapohapo, sikio limemwelekea Kogo. Chai ikanyweka. Kogo hakulia. Mzee akaweka kikombe chini, akainuka.

"Naona yale maombi ya pasta yalichelewa njiani," alisema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo.

Jumatatu alikuja na kopo jipya la rangi, rangi ileile, afunike mkwaruzo wa Sitati. Alipovua koti na kuanza kukunja mikono ya shati, nilimkimbilia.

"Mzee, nipe hiyo brashi," nikasema. "Huko juu ya tangi utaumia mgongo. Wewe paka hapa chini, panapoonekana."

Alifurahi, akanibariki mimi na watoto nitakaowazaa. Nikapanda juu ya kreti. Nilipaka tangi lote polepole, nikizunguka ile kofia ndogo kwa ncha ya brashi, hata tone lisiiguse. Baadaye Mzee alikuja kukagua akiwa amevaa miwani. Alitazama, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole.

"Umeruka hapa."

"Nimeona, mzee," nikasema, na nikaendelea kuruka.

Mpaka leo huwaambia wateja kwamba Wangare ni mfanyakazi mzuri, ila kwa rangi hana mkono. Mimi naitikia kwa kichwa, na Kogo anapumua.