Kitambaa Kwenye Bomba la Moshi

Mama mkwe wangu alipoambiwa kwamba mwanawe anaoa msichana wa mashindano ya pikipiki, aliuliza kama ndoa itafungwa na msichana au na pikipiki. Mume wangu alinisimulia huku akicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka nusu. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa bingwa mara mbili, na uwanjani waliniita Kiroboto kwa jinsi ninavyoruka vilima, lakini mbele ya mama yule nilijiona kama mtu aliyeingia sebuleni kwa watu na viatu vya matope.

Mambo yote yalianzia kwenye pikipiki ya mjomba ya kusambazia maziwa. Nilikuwa nimeshaizoea, nikaiona barabara haina raha, nikawa nakatiza kwenye shamba lililolimwa, tuta baada ya tuta, mpaka wateja wakaanza kulalamika kwamba maziwa yanawafikia nusu siagi. Mjomba angeweza kuninyang'anya ufunguo. Badala yake alinipeleka kwenye uwanja wa mbio, akamwambia fundi mmoja pale kwamba huyu mtoto ameshindikana, mtazameni nyinyi. Fundi yule ndiye niliye naye hadi leo. Nikiwaza ni wangapi walinishika mkono, nakosa pa kuanzia kushukuru.

Nilipopata mimba nikaiweka pikipiki ya mashindano pembeni. Mwenye pikipiki hiyo ni muuza vipuri tunayemwita Tajiri, naye alinisubiri msimu mzima bila kunung'unika. Niliporudi, mwanangu bado ananyonya, Tajiri aliniita dukani akanieleza bila kuzunguka. Ana pikipiki moja na waendeshaji wawili wanaoitaka. Nikichukua ubingwa, inabaki kwangu. Nikiukosa, anapewa mwenzangu. Sikumlaumu. Nilitoka pale nikijua tu kwamba bila ile pikipiki sina nyingine, na mbio zangu zimeishia hapo.

Ikabaki siku moja ya kuamua kila kitu. Mume wangu alikuwa zamu kwenye tanuri la mikate, na mtoto alikuwa hakubali chupa hata umbembeleze vipi. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa mama mkwe aliposema atakuja yeye. Akaongeza haraka kwamba haji kutazama mtu akijirusha hewani, anakuja kumshika mjukuu wake, basi.

Kwa asiyezijua mbio hizi, siku moja tunakimbia mara mbili, tunapumzika katikati, kisha pointi zinajumlishwa. Mbio za kwanza nilishinda. Lakini mvua ilitukuta humo humo, nikarudi kwenye gari letu pikipiki haijulikani rangi. Fundi alipiga hesabu, akasema mara ya pili nikimaliza ndani ya watano wa mwanzo, ubingwa ni wangu. Ila pikipiki ioshwe, maana tope likiganda inakuwa nzito kama imepakia mtu.

Nikaingia garini kunyonyesha. Fundi alikuwa na mnyororo wa kukaza na mafuta ya kujaza, na mama mkwe ni mtu asiyeweza kuona uchafu akaupita. Akakunja mikono ya gauni, akaomba aoneshwe. Fundi akamwelekeza: kwanza unaziba bomba la moshi kwa kitambaa ili maji yasiingie kwenye injini, ndipo umwage. Kupitia mlango wa gari nilimtazama akisugua spoku za magurudumu moja moja kwa brashi ya kuoshea zile chupa alizozikataa mtoto, akiisema ile pikipiki chini chini kana kwamba ni mtoto mtundu aliyetoka kucheza. Huyu ndiye mama niliyekuwa namwogopa.

Mtoto akashiba, akaanza kulia kwa usingizi. Mama akaacha brashi, akampokea, akamfunga mgongoni. Mimi nikavaa kofia. Fundi akaisukuma pikipiki hadi kwenye geti la kuanzia ili injini isichemke bure. Kitambaa kilichokuwa na rangi ile ile ya tope kikabaki ndani ya bomba, hakuna aliyekiona.

Ikatolewa amri ya kuwasha. Wenzangu wote wakanguruma. Mimi nikapiga kiki, pikipiki ikakohoa, ikazima. Nikapiga tena, ikazima tena. Fundi akaja mbio, akatazama plagi, akatazama mafuta, kisha akaweka kiganja nyuma ya bomba na kukuta halitoi pumzi. Akaingiza vidole, akavuta. Wakati huo geti lilikuwa limeshaanguka kuruhusu mbio na wenzangu wako kwenye kona ya kwanza.

Injini ikawaka. Nilikuwa peke yangu uwanjani kama mtu aliyechelewa harusini.

Njia ya katikati, wanayoipenda wote, ilikuwa imeshageuka mfereji. Nikakaa ukingoni kabisa, karibu na kamba, mahali ambapo ardhi ilikuwa bado haijachimbwa. Ni njia ndefu, lakini tairi lilikuwa linashika. Nikawakuta wa mwisho wakihangaika kujinasua. Mbele kidogo wawili walikuwa wameangukiana. Miwani ikajaa tope, nikaifuta kwa kidole, nikaendelea. Nilipofika kilima cha mwisho sikujua tena niko wa ngapi. Nikaruka sambamba na mwenzangu, yeye akatua ndani ya mfereji, mimi nikatua pembeni. Nikavuka mstari.

Fundi alikuwa amesimama pale akiwa ameinua mkono, vidole vyote vitano wazi.

Tajiri alikuja amekunja uso. Hakuuliza ubingwa kwanza, aliuliza nani kaacha kitambaa kwenye bomba. Fundi akajibu papo hapo kwamba ni yeye, akili yake ilikuwa kwenye mafuta.

Mama mkwe akatokea nyuma ya gari, mtoto mgongoni, macho mekundu.

"Baba, fundi anakudanganya," alimwambia Tajiri. "Nilikiweka mimi na nikakisahau mimi. Kama kuna wa kusemwa, nisemwe mimi."

Tajiri akamtazama, akaitazama pikipiki, akatuuliza kama ni kweli huyu bibi ndiye aliyeosha spoku zile. Uso ukamlegea. Akasema pikipiki inabaki kwangu kama tulivyokubaliana, na msimu ujao bibi aoshe tena, ila kitambaa achomoe fundi. Fundi akacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Walipoondoka, mama akanisogelea.

"Nilijua nimekukatia riziki, mwanangu."

"Mama, bila wewe nisingefika hapa kabisa."

Kisha akaniambia kwamba mbio za kwanza alikuwa amefumba macho mwanzo mpaka mwisho. Hizi za pili ameziona zote, kwa hofu, tangu alipomwona fundi akichomoa kile kitambaa.

"Kumbe ndivyo unavyoruka," alisema. "Mbona hamkuniambia?"

Mtoto akaanza kujinyonganyonga mgongoni kwake, akitafuta ziwa. Mikono yangu ilikuwa tope tupu mpaka kwenye viwiko. Mama akavuta ndoo ya maji safi, akanikalisha kwenye ngazi ya gari, akaanza kuninawisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, bila haraka.