Piko ya Delu

Kila aliyekuja kumpa Delu pole aliangalia vitu viwili: mguu wa mtoto, kisha kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mguu ulikuwa umelegea tepetepe tangu homa ilipomwachia. Ukucha wa kidole ulikuwa mweusi, kama wa kila mtoto wa Kano aliyekwisha kupewa matone ya chanjo ya polio na kutiwa alama ya wino.

"Si hayo matone!" Ladidi, jirani yake wa ukuta mmoja, alipiga makofi kwa uchungu. "Juzi tu anakimbiza kuku hapa. Wangu hawamgusi ng'o!"

Delu akaufunika ule ukucha kwa kiganja. Angesemaje? Mtoto hakuwahi kupewa hata tone moja. Ukucha ule aliupaka yeye.

Mtaa mzima ulimjua kwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia; mabibi harusi walipangana barazani kwake. Na mumewe, Sabitu, alikuwa amekataa matone. "Panadoli tunanunua," alisema, "malaria tunajitibu wenyewe. Hiki kitu kimoja wanakileta bure mpaka mlangoni. Wamenipenda lini?" Sabitu hakuwa mjinga. Alikuwa baba mwenye hofu, na wachanjaji, badala ya kumjibu, walimcheka. Delu akachoka na mabishano ya mlangoni, akachovya kijiti kwenye piko, akampaka mwanawe ukucha. Wachanjaji walipokuja wakaangalia, wakapita. Siku hiyo alijiona mjanja kweli!

Sasa Sabitu alikuwa amemsimamia kichwani. "Umenizunguka, Delu. Umempa matone kwa siri."

"Sikumpa. Ni piko yangu."

Sabitu akakaa chini polepole, akaushika ule mguu mdogo. Daktari alikwisha kuwaambia kuwa ni polio, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha.

"Usimwambie mtu," alisema mwishowe. "Watasema tumemlemaza wenyewe."

"Kwani hatukumlemaza?"

Sabitu akauachia ule mguu. Alitoka kwenda msikitini, na Delu akalia.

Wachanjaji waliporudi mtaani, Delu aliwasikia kupitia ukutani wakifukuzwa mlango mmoja baada ya mwingine. "Nendeni mkamwone mtoto wa Delu!" wanawake walipiga kelele. "Mkimponya yule, mje na kwetu!" Akawasikia wakifika kwa Ladidi, aliyekuwa na kichanga, na mlango ukapigwa kwa kishindo.

Uongo wake ulikuwa unatembea mtaani bila yeye. Alimbeba mtoto, akatoka kwenye jua la mchana, bila ruhusa ya mume, bila hata mtandio, akagonga kwa Ladidi kwa ngumi.

"Hakupewa matone!" alipiga kelele mlango ulipofunguka. "Ladidi, wallahi hakupewa! Nilimpaka piko mimi, tazama!" Akamwonyesha kucha zake mwenyewe, nyeusi vilevile. "Auwalu wangu hakupewa!"

Ladidi alishtuka. Kwa desturi yao ya haya, mwanamke hamtaji mtoto wake wa kwanza kwa jina, sembuse kulipigia kelele barabarani. Aliziangalia kucha za Delu, akauangalia ukucha wa Auwalu, akaelewa. Delu aliona kabisa kwamba ameelewa, akapata matumaini.

"Kumbe ni piko?" Ladidi alinong'ona. "Na walipita, hawakukusumbua?"

"Ladidi..."

"Shoga, hawa wanarudi na mjumbe wa mtaa kunilazimisha, na mume wangu amesema wakimgusa mtoto, mimi nirudi kwetu." Aliingiza mkono kwenye mbeleko, akatoa kijimkono cha kichanga, akakunjua kile kidole cha mwisho. "Nipakie na wangu. Fanya haraka."

Delu alimtazama kana kwamba hamjui. Kisha aliwageukia wachanjaji waliokuwa wakifika mwisho wa barabara na kisanduku chao cha barafu.

"Rudini!" alipaza sauti. "Huyu hajapewa! Rudini!"

Mlango ukafungwa usoni pake, komeo likaingia. Delu akaanza kuugonga tena, Auwalu mgongoni, mguu mmoja ukimshika kiunoni na mwingine ukining'inia.