Mlio wa Saba

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: katika machimbo yale ya mawe hapakuwa na mtu mwenye masikio kama yangu. Mwaka mmoja na miezi minne nilihesabu milio ya baruti na sikukosea hata mmoja. Mdomo nao haukuwa nyuma. Nikisema "kwa jina la Yesu", basi shauri limekwisha: homa zilishuka, kompresa iliyogoma iliwaka, na siku moja mbwa mkali wa mlinzi alinitazama, akageuka, akaenda zake kulala. Mlinzi alidai mbwa alikuwa ameshiba. Watu wengine hawana imani hata na mbwa wao.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Mashine zilitoboa mwamba, tundu saba au nane. Fundi baruti alishindilia baruti, akawasha tambi, akarudi kwetu nyuma ya ukuta wa zege kwa mwendo wa mtu anayetoka kununua chumvi. Mimi nilikuwa nimeshapiga king'ora na kupandisha bendera nyekundu. Kilichobaki ni kuhesabu. Tundu saba, milio saba. Hesabu ikitimia, napandisha bendera ya kijani, na fundi anaingia wa kwanza, peke yake, kukagua kabla ya watu na malori. Hesabu ikipungua hata kwa mlio mmoja, nyekundu inabaki juu mpaka kesho asubuhi. Haingii mtu, hata mwenye machimbo alie machozi.

Fundi mwenyewe alikuwa baba mkubwa wangu, kaka yake marehemu baba. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa nazurura, nikila ugali wa watu na kuwachekesha kama malipo, yeye ndiye aliyenichukua kwake, akanipa chumba cha uani, akanitafutia kazi. Machimboni walimwita Taratibu. Miaka ishirini na sita ya baruti, na vidole vyote kumi alikuwa navyo. Mimi waliniita Mtume, kwanza kwa dhihaka, kisha dhihaka ikaota mizizi.

Maana kila asubuhi, kabla ya kazi, tulisali chini ya bati la stoo, watu kumi na watano hivi, na mhubiri nilikuwa mimi. Nani mwingine? Wengine walisali kama wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mimi nilikuwa naamuru. Asubuhi ya siku ile ninayoisimulia nilihubiri Yesu na dhoruba. Nikawaambia bahari ilifunga mdomo wake, upepo ukatia mkia katikati ya miguu, na mamlaka hayohayo tumepewa sisi, wewe mshika nyundo na wewe dereva. "Usiombe! Amuru!" nikapaza sauti hadi bati likatetemeka. Nikaukemea mwamba, nikazikemea ajali zote za machimbo, nikazifukuza kwa majina. Watu wakaitikia amina kwa nguvu.

Tulipokuwa tunavaa kofia za kazi, baba mkubwa akanivuta kando.

"Mwanangu, unahubiri vizuri. Ila umemruka mtu mmoja."

"Nani tena, baba?"

"Yule akida aliyekuwa na mtumishi mgonjwa. Alimwambia Yesu aseme neno tu. Lakini alianzaje? Hakuanza kwa kujisifu kwamba ana askari. Alianza kwa kusema na yeye yuko chini ya mkubwa wake. Ndiyo maana aliijua amri alipoiona."

"Baba mkubwa, huo ni unyenyekevu tu. Mistari ya wazee."

Akacheka. Alikuwa na cheko la puani, kama mtu anayezuia kupiga chafya. "Haya, ya wazee. Kuna lingine. Juu ya paa la hekalu Shetani alimwambia Yesu ajirushe, malaika watamdaka. Mwenye mamlaka yote. Alijirusha?"

"Hakujirusha."

"Kwa sababu hakutumwa kujirusha. Jina la mtu ukilitumia kwenda asikokutuma, huo ni wizi, hata kama jina ni la kweli."

"Basi zamu ya mahubiri ya kesho nakuachia wewe," nikamwambia, "ila lete na mto, watu wasije wakalala kwenye kokoto." Akanipiga kofi dogo la kisogoni, tukaenda kazini.

Siku ile tundu zilikuwa saba. Malori tisa yalikuwa yamepangana langoni tangu asubuhi, madereva wakipiga honi kama arusi. Msimamizi wetu, tuliyemwita Saa Ngapi kwa sababu ndiyo iliyokuwa salamu yake, alikuwa haachi kwenda ukutani na kurudi. Jua lilipofika utosini, baba mkubwa akawasha tambi, akarudi kwa mwendo wake ule, akachuchumaa kando yangu.

Mmoja. Wa pili. Wa tatu na wa nne ikafuatana. Wa tano. Saa Ngapi akaniuliza kitu, nikamjibu mzaha, sijui hata ulikuwa mzaha gani, yeye akacheka. Wa sita. Vumbi jeupe likapanda, kokoto zikanyesha juu ya bati. Kisha kimya.

Tukangoja. Nikahesabu pumzi zangu.

"Sita," baba mkubwa akasema.

"Miwili imelipuka pamoja," akasema Saa Ngapi. "Inatokea. Si inatokea?"

"Inatokea," baba mkubwa akakubali. "Na tambi kulala inatokea. Nyekundu ibaki. Kesho asubuhi."

"Kesho? Mzee, unayaona malori yale? Nikiyarudisha matupu, kesho mimi na wewe tutakuja hapa kama wageni." Kisha akanigeukia mimi, na nilimwona akipata wazo, kama mtu aliyeokota ufunguo. "Mhesabu ni nani hapa? Si Mtume? Asubuhi nimekusikia, bwana, umefukuza ajali zote za dunia, mpaka nikaionea huruma mikosi. Sasa tundu moja la baruti limekushinda? Au zile zilikuwa kelele za kuchangamsha tumbo?"

Wapasua mawe watatu waliokuwa nasi ukutani wakacheka. Mmoja akasema, "Mtume leo kapata kiboko chake."

Masikio yangu, haya ninayojivunia, yalikuwa yamesikia sita. Nilijua ni sita kama ninavyojua idadi ya macho yangu. Lakini kicheko kile sikuweza kukiacha kiwe cha mwisho. Nikasimama. Nikanyoosha mkono kuelekea mwamba, kama ninavyofanya chini ya bati.

"Saba," nikasema. "Kwa jina la Yesu, ni saba. Na kama kuna kilichobaki mle ndani, nakiamuru kife sasa hivi. Baba mkubwa, nenda. Kwa mamlaka ya jina hilo nakuambia, nenda, hakuna kitakachokugusa."

Kicheko kikakatika. Baba mkubwa akanigeukia. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo yalikuwa meusi.

"Umesikia saba?"

"Nimesikia."

"Mimi masikio yangu yamezeeka kwa kazi hii," akasema polepole. "Na jina hilo siwezi kubishana nalo. Umetumwa, mwanangu?"

Hapo ndipo palipokuwa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, ningeweza kutoka kwa neno moja.

"Nimetumwa," nikasema.

Akavua kofia, akasali kidogo bila sauti, akaivaa tena, akaingia kwenye vumbi. Kamba ya bendera ya kijani ilikuwa bado mkononi mwangu niliposikia mlio wa saba.

Sitaeleza tulichokusanya. Jeneza halikufunguliwa.

Siku ya tatu akaja mkaguzi, mtu mpole mwenye kalamu mbili. Aliniita ofisini kwa Saa Ngapi. Mezani kulikuwa na fomu, na feni iliyozunguka na kugonga, kugonga. Akaniuliza ilihesabiwa milio mingapi na nani aliamua kuingia. Saa Ngapi alikuwa amesimama dirishani akinipa mgongo. Wale wapasua mawe watatu yeye Saa Ngapi alikuwa ameshawaita mmoja mmoja, na kila mmoja alitoka akiwa hakumbuki kitu. Nilifikiri nitasema. Naapa nilifungua mdomo kwa nia hiyo.

"Mimi nilihesabu sita," nikasema. "Nikamwambia tungoje. Marehemu akasema ni saba, akaingia. Nilimzuia. Alikuwa mkubwa wangu, ningemshika vipi?"

Ilitoka laini kama mahubiri. Mkaguzi akaandika, akanipa kalamu ya pili, nikatia sahihi. Saa Ngapi akageuka, akanishika bega, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniuliza saa.

Wiki ile nilisali kuliko maisha yangu yote, na kwa sauti kubwa zaidi. Niliongoza ibada ya mazishi. Nilisema kaburi halina mamlaka juu ya mwenye haki, na watu walilia hadi nikaogopa. Nyumbani mama mkubwa, mjane wake, alinipakulia chakula kama kawaida, nyama kubwa kwenye sahani yangu, kisha akakaa upande wa pili wa meza akanitazama nikila. Haulizi kitu. "Ongeza, mwanangu," anasema. Nami naongeza. Fanya mzaha uone unavyogeuka jiwe mdomoni: nilijaribu mmoja, siku ya tano, akatabasamu kwa adabu kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

Siku ya kumi na mbili ikaja barua ya kampuni. Siku hiyohiyo jioni kikundi chetu cha sala kilikuja kumfariji, watu kumi na watano wamebanana kwenye viti vya plastiki sebuleni, na mzee wa kanisa katikati. Mama mkubwa akanipa bahasha.

"Nisomee, baba. Soma kwa sauti, na hawa wasikie. Ni wenzake."

Nikasoma. Kampuni ilisikitika. Uchunguzi ulikuwa umebaini kwamba marehemu alikosea hesabu kwa uzembe, akakaidi onyo la mhesabu, akaingia kinyume cha kanuni aliyoijua vizuri. Neno uzembe lilikuwa mara mbili. Nililisoma mara zote mbili. Mzee wa kanisa akashusha pumzi, akatikisa kichwa. "Miaka ishirini na sita," akasema, "halafu mtu anakuja kuvunja kanuni siku moja. Mungu amsamehe." Wengine wakaguna. Nilimwona baba mkubwa akizikwa mara ya pili, mle sebuleni, na safari hii alikuwa mzima na mimi ndiye niliyeshika koleo.

Mama mkubwa hakulia. Aliipokea barua, akaikunja mara nne.

"Mtume, tufungie kwa sala," mzee wa kanisa akasema.

Wote wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Nikasimama, nikanyoosha mkono.

"Kwa jina la Yesu—"

"Hilo liache kwanza," akasema mama mkubwa.

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayekuomba usikanyage sakafu aliyodeki.

"Siku ile nilimletea chakula. Nilikuta nyekundu iko juu, nikatii, nikakaa nyuma ya stoo, hatua chache nyuma yenu, msikoweza kuniona. Kati yangu na ninyi ni ile stoo tu. Kila akilipua mimi nahesabu, tangu nimeolewa. Unafikiri mke wa fundi baruti anafanya nini mchana?" Akaukaza mkunjo wa barua kwa kidole. "Nilihesabu sita. Nikamsikia mume wangu anasema sita, nikashukuru, nikasema leo anarudi mapema. Kisha nikakusikia wewe."

"Mama mkubwa, mimi—"

"Siku kumi na mbili nakupakulia, nangoja useme mwenyewe. Nimeona unashiba tu." Akaiweka ile barua iliyokunjwa mezani mbele yangu. "Yeye hakutii kelele zako, usijidanganye. Alimtii Bwana wake, ambaye wewe ulimsemea uongo. Sasa waambie hawa. Nani alisema saba? Na alisema kwa jina la nani?"

Vichwa vilikuwa bado vimeinama. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kufumbua macho.