Pumzi Tatu za Kaseti

Ijumaa, saa kumi na moja kasorobo jioni, wifi yake fundi cherehani alirudi kutoka kazini na boksi dogo, akaliweka juu ya meza ya kushonea, kati ya mkasi na chaki. Kiwanda cha vigae kilikuwa kimewatuza wafanyakazi ambao hawakukosa zamu hata moja mwaka mzima. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ya gemu ya mkononi, mpya, inayonuka plastiki, lakini inayomeza kaseti za zamani.

"Mimi na gemu wapi na wapi?" alisema wifi. "Mwenye gemu zake keshakwenda."

Fundi alipanda kwenye stuli, akateremsha kopo lenye kaseti za marehemu kaka yake, mume wa wifi. Kaka alikuwa na desturi moja: kabla ya kuchomeka kaseti aliipuliza mara tatu, hata ikiwa safi. Aliipuliza akitoka zamu, kabla hata ya kunawa uso. Miaka kumi na moja alikata vigae kiwandani humo, kisha kifua kikamuua. Barua ya kiwanda ilisema ni sigara. Kaka hakuwahi kuvuta sigara maishani. Moshi wa jikoni tu ulimtoa machozi.

Fundi alichomeka kaseti ya mbio za magari. Kioo kikawaka, gari jekundu likaondoka, na kwenye matundu ya spika ikatoka pumzi ndefu yenye mluzi mwishoni. Pumzi hiyo ilitoka na vumbi jeupe, laini, likatua juu ya kitambaa cheusi cha suruali ya mteja.

"Ndiye," alisema wifi. "Zima, unachafua nguo za watu."

Tangu siku hiyo fundi alicheza kwa saa moja kila alasiri. Kaka alipumua, yeye akafagia vumbi kwa brashi na kulitia kwenye kopo. Hakuwa na mchezo. Wifi alikuwa amepewa mashine ileile ya kukatia vigae aliyoitumia kaka, mashine ya nne, na siku hizi alikohoa kila akiinama kufunga viatu. Kiwanda kikioneshwa kopo na kukubali kwamba vumbi lipo, kitafunga feni ya kulinyonya. Fundi alikwisha kuzika mmoja, na hakutaka kuzika wa pili.

"Acha kazi hiyo, wifi. Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia, akimkung'utia ovaroli mlangoni.

"Nikiacha tutakula vifungo?"

Kopo lilipojaa, fundi alilipeleka kiwandani pamoja na mashine ya gemu. Karani wa malalamiko alicheza raundi mbili, akasikiliza.

"Huyu ni wa mashine ya nne," alisema. "Namjua kwa mluzi. Pole sana, dada."

Alilipima vumbi, gramu mia nne, akaandika stakabadhi, akagonga muhuri. Alikuwa mtu mpole. Kopo tupu na mashine ya gemu alimrudishia.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Kiwanda kilishukuru kwa kupokea gramu mia nne za vumbi la vigae la ubora wa juu, ambalo tayari limechanganywa kwenye udongo mpya ili lisipotee bure. Kuhusu ombi la feni, uchunguzi umeonyesha kuwa chumba cha kukatia hakina vumbi. Barua iliambatana na kigae kimoja, cheupe, kizuri kweli. Fundi alikigeuza huku na huku. Alijua wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wifi aliingia kutoka zamu, nyusi nyeupe, akaisoma barua akiwa amesimama. Aliikunja, akaketi.

"Basi leo na mimi nimsikilize kidogo," alisema.

Aliichomoa kaseti, akaisogeza mdomoni.

"Usipulize, wifi!"

Alikwisha kupuliza mara tatu, kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote. Akaichomeka. Gari jekundu likaondoka, na kwenye spika zikatoka pumzi mbili, moja nyuma ya nyingine. Ya pili ilikuwa bado haijapata mluzi.

Walisikiliza mpaka raundi ikaisha.

"Kesho niko zamu ya asubuhi," alisema wifi.

Fundi alivuta lile kopo tupu, akalitega chini ya spika.