Zamu ya Daraja

Jumanne saa tatu asubuhi, karakana ya shirika la hisani ilikuwa na askari wa zamani sita wakipiga msasa viti vya shule. Watano walikuwa wamekaa. Wa sita, Koplo, alisimama kando ya mashine ya randa, mgongo umenyooka, kwa sababu daraja lilikuwa limemfuata tena.

Lilikuwa la mbao, la hatua ishirini, na mto wake ulipita chini ya meza ukichukua vumbi la msasa. Wenye viatu vizuri waliinua miguu.

Koplo aliwekwa kulilinda wakati wa vita. Vita vikaisha, kikosi kikapanda malori, wala hakuja mtu kumpokea zamu. Alingoja siku kumi na tisa, kisha akarudi kwa miguu, daraja nyuma yake. Sasa ulikuwa mwaka wa nane hajakaa kitako. Alikula wima, akalala ameegemea ukuta. Mkewe alichoka kuanika magodoro yaliyoloweshwa na mto huo. "Siku utakayoweza kukaa, rudi," alimwambia. "Huyu mtoto anakujua magoti tu."

Fundi wa kujitolea aliyewafundisha kuvika viti vitambaa, Mama Cherehani, alikuwa amekwisha kumshonea mito mitatu ya kukalia.

"Koplo, kaa bwana. Unaniumiza shingo."

"Niko zamu, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipokewe."

Mama Cherehani aliweka mkasi chini. "Unapokewaje?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Unasimama mbele yangu. Nakueleza nilichokiona. Unasema umepokea."

"Ni hilo tu?" alisema Dereva, askari mwenye mkono mmoja. "Na sisi tunahangaika na mito!"

Mama alisimama mbele ya Koplo, futikamba shingoni. Koplo akatoa taarifa: wamevuka watu mia nne na wawili, na mbuzi mmoja, rafiki wa Koplo mwenyewe amevushwa amebebwa, waliobaki ng'ambo hawajavuka.

"Nimepokea," alisema Mama. "Haya, toka hapo."

Koplo alikaa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa bado haujakauka gundi. Kikalia kwii. Alikaa hadi adhuhuri, kisigino kikigonga sakafu.

Ratiba ya zamu ikabandikwa ukutani: fundi, mpishi, muuguzi mstaafu, kila mtu na saa zake, Koplo naye. Shirika likaandikia ofisi ya jeshi kuomba Koplo apokewe rasmi na atibiwe. Jibu lililetwa na karani wa ofisi hiyo mwenyewe. Alikunja suruali, akavuka daraja akishika ukingo, akasoma: mahali alipopataja Koplo hapajawahi kuwa na daraja, kwa hiyo hakuna aliyewekwa kulilinda, na asiyewekwa hana madai.

"Angalia ubao wa tatu," Mama alimwambia alipogeuka kuondoka. "Umeoza."

Karani alishukuru, akauruka.

Jumapili Dereva alipokea zamu, na Koplo akaenda kwake. Alikaa mezani. Mtoto alipanda mapajani, akamkagua uso.

"Kumbe una kovu kidevuni."

"Ninalo."

Alikula sahani mbili. Saa tisa kasorobo akasimama, akatafuta viatu.

"Umeanza tena?" mkewe aliuliza.

"Saa tisa zamu ya Dereva inaisha."

Mkewe alimtazama, kisha akamfungia chakula cha Dereva. Koplo akaenda nusu akikimbia, akafika kabla ya saa.