Wageni Kutoka Chumba cha Seva

Jumatatu saa nne asubuhi, foleni ya kupimwa damu ilikuwa imefika mlangoni. Fundi wa mifumo wa maabara alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi, akichomeka waya, alipoona miguu minane isiyo na viatu ikitoka chumba cha seva, kompyuta kuu inayotunza taarifa za wagonjwa. Chumba hicho hakina dirisha, na ufunguo wake alikuwa nao mfukoni.

Wenzake walimwita Mama Funga, kwa kuwa hakuchoka kuwaambia wafunge skrini, wafunge milango, wafunge midomo. Mara tatu alikuwa amemwandikia mkurugenzi kwamba neno la siri la mfumo linajulikana na kila mtu, hadi mfagizi. Mkurugenzi alimjibu mara moja tu, tena kwenye ngazi: watu wana kazi nyingi, asiwachoshe.

Wageni walikuwa wanne, wamevaa nadhifu, na miili yao ilitoa joto kama mashine iliyowashwa siku nzima. Walieleza kwamba wameingia kwa neno la siri, hawakuvunja kitu. Karani wa mapokezi akawapa viti. Walikaa, wakafumbua viganja, na humo majibu ya wagonjwa yakawa yanapita, mstari baada ya mstari.

"Pole na ile mimba iliyoharibika mwezi wa pili, dada," mmoja alimwambia muuguzi.

Muuguzi hakuwa amemwambia mtu. "Asante," aliitikia, akaendelea kutafuta mshipa wa mgonjwa.

Mama Funga alichomoa waya zote.

"Umechelewa, mama," mgeni alisema kwa upole. "Tumeshanakili."

Kufikia saa sita walikuwa arobaini. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mmoja akielekea nyumbani kwa yule aliyemsoma. Mama Funga alipanda mbio kwa mkurugenzi.

"Tuwapigie wateja simu, bosi. Wajue kabla hawajafikiwa."

"Halafu kesho nani atakuja kupimwa?" Nyuma ya kiti chake alisimama mgeni, akimsomea majibu yake mwenyewe sikioni. Mkurugenzi akaongeza sauti ya redio.

"Mdogo wangu yumo humo."

"Basi mwambie mdogo wako. Hao wengine niachie mimi."

Mdogo wake alikuwa na ugonjwa ambao mumewe hakuujua. Mwaka wa pili sasa alikuwa akimeza vidonge kwa siri, amevificha ndani ya kopo la vifungo. Mama Funga alikwenda kwake karibu kukimbia. Alipofika, familia ilikuwa mezani, na mgeni ameketi kati ya baba na watoto, ngumi zake zimefungwa juu ya meza.

"Karibu, shemeji," mume alisema. "Huyu ndugu yenu mbona haongei?"

Mdogo wake alimvuta jikoni.

"Dada, anataka nini?"

"Sijui."

"Ataondoka lini?"

Mama Funga alifunga mlango wa jikoni. "Haondoki," alisema. "Walichochukua hakirudi."

Mdogo wake alinawa mikono, akanawa tena. Kisha akachukua sahani moja zaidi, akarudi mezani.

Wiki iliyofuata mkurugenzi alibandika tangazo mapokezi: Taarifa zako ziko salama kwetu. Wageni wapya walikaa chini yake wakisubiri zamu. Wateja nao waliendelea kujaa, maana hakuna aliyewaambia kitu, na Mama Funga alikuwa ameandikiwa barua ya onyo kwa kueneza hofu kazini.

Mume wa mdogo wake alimzoea mgeni, akamsifu kwa utulivu. Asubuhi moja, watoto wakivaa viatu vya shule, akamtania:

"Ndugu yangu, hizo ngumi huzifumbui? Umeficha nini humo?"

Mgeni alimtazama mwenye nyumba, akageuka akamtazama mkewe aliyekuwa ameshika birika. Akatabasamu.

"Chai kwanza," alisema.

Mke akammiminia, akajaza kikombe hadi ukingoni.