Vidole Gumba vya Baba Mkwe

Mwaka 2022, katika kipupwe cha mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Igawilo huwafanya hata mbwa waombe nafasi jikoni, Fanueli alikataa kuvaa mguu wake.

Mguu wenyewe ulikuwa wa bandia, wa kulia, ulioanzia chini ya goti. Alitengenezewa Iringa mwaka uliotangulia, baada ya gogo la msindano kumwangukia huko Nyololo alikokuwa akipasua mbao. Mjini Mbeya nako kulikuwa na karakana ya viungo bandia, tena si mbali na nyumbani kwake. Lakini katika karakana hiyo alifanya kazi Bupe, mke wa mwanawe Anord, na Fanueli aliona heri akakae kwa dada yake huko Mlandege, Iringa, kipindi kizima cha matibabu kuliko kupandishiwa suruali na mkwewe.

Si kwamba walichukiana. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani, na Bupe alipoolewa aliukuta mwiko huo akaushika. Hakuingia chumba alichomo mzee. Hakumtazama usoni wala hakulitaja jina lake. Akimsikia anakuja, alisimama nyuma ya ukuta mpaka apite. Majirani wengi walikwisha kuyaacha hayo, wakiketi na wakwe zao benchi moja kanisani na kuchekea simu moja. Katika ukoo wa Fanueli, hata hivyo, mwiko uliondolewa kwa njia moja tu: baada ya mjukuu wa kwanza kuzaliwa, baba mkwe humpelekea mkwewe ndama jike, akiwa ameshika kamba kwa mkono wake mwenyewe, akasimama mlangoni pake na kumwita kwa jina. Kuanzia siku hiyo huwa ni baba na binti.

Mjukuu wa kwanza alikuwa sasa darasa la pili, na ndama hakuwa ametolewa. Mara ya kwanza ng'ombe alizaa dume. Mara ya pili alizaa jike, lakini Fanueli akasema asubiriwe aache kunyonya. Kisha likaanguka gogo. Tangu hapo mzee hakulizungumza tena jambo hilo, na Bupe hakuhitaji kuelezwa sababu. Ndama wa namna hiyo hutolewa na mtu aliyesimama.

Habari za mguu Bupe aliletewa na Sabina, mama mkwe wake, aliyeukatiza ua uliotenganisha nyumba zao mbili huku akijifunga kanga vizuri.

"Ameuvua tangu Jumapili," alisema Sabina. "Anatembelea magongo. Nimeikuta soksi ina damu. Nikamuuliza, akaniambia nikawape kuku maji."

"Mmekwenda kwa daktari?"

"Tumetoka huko. Kuna kidonda kwenye ncha ya mfupa. Anasema kikiingia ndani, watakata tena." Sabina aligusa paja lake. "Safari hii, juu ya goti."

Bupe aliketi. Katika kazi yake alikwisha kuona tofauti ya mtu mwenye goti na asiye nalo. Mwenye goti hupanda mlima wa Igawilo na mfuko wa viazi begani. Mzee wa umri wa Fanueli akilipoteza goti, aghalabu huishia kwenye kiti.

"Niletee huo mguu, mama."

Mguu uliletwa umefungwa katika kanga kama mtoto. Bupe aliingiza mkono ndani ya soketi, yaani kile kikombe cha plastiki kinachopokea kigutu, akavuta kipande cha blanketi. Akavuta kingine. Kikafuata kipande cha godoro, na mwisho kabisa mkono wa sweta la mtoto.

"Sweta la mjukuu wangu Tupokigwe!" alisema Sabina. "Tumelitafuta mpaka tukamsingizia mtoto wa watu."

"Kwa nini ameshindilia haya yote?"

"Alisema panagonga, akaongeza ulaini. Palipozidi kuuma, akazidi kuongeza. Kwani kosa liko wapi? Hata punda huwekewa gunia mgongoni."

Siku hiyo Bupe alikuwa akikanda unga wa chapati. Alikata donge, akaliweka juu ya meza na kulifunika kwa kibao.

"Bonyeza, mama. Unaona? Mwanzoni lilikigusa kibao kwa nukta tu, na sasa linakigusa kwa duara pana. Nguvu ya mkono wako imegawanywa katika duara lote, hakuna mahali panapoonewa." Kisha akalishindilia donge lilelile katika kikombe kidogo cha kahawa mpaka likajaa pomoni. "Sasa bonyeza hapa."

Sabina alibonyeza kwa kidole, kisha kwa viwili.

"Haliendi."

"Halina pa kwenda. Kitu laini kina faida kikipata nafasi ya kutanuka. Ukikifungia pande zote huwa kama jiwe, na baba alikuwa anaukanyagia mfupa wake juu ya jiwe hilo. Isitoshe, ncha ya mfupa haikuumbwa kubeba mtu. Uzito unatakiwa ubebwe na ile kano iliyo chini ya pia ya goti, na nyama za pembeni. Kigutu chake kimepungua tangu Iringa, ndiyo maana akawa anazama mpaka chini. Anahitaji soketi mpya."

Sabina alirudi na ujumbe huo, na jibu lilikuja kabla chapati hazijaiva. Mzee hawezi kuingia karakana ya mkwewe, kwa kuwa hicho ni chumba cha mkwewe. Mtaalamu mwenzake Bupe, ambaye ndiye mwingine pekee pale karakana, alikuwa masomoni. Walipopiga simu Iringa waliambiwa foleni imefika Oktoba. Anord naye alikuwa Makongolosi katika machimbo ya dhahabu, na alipoulizwa kwa simu alisema tu kwamba hao wawili wangemaliza ujinga wao siku ya mazishi ya mmoja wao.

Basi ikakubaliwa kwamba kidonda kikikauka, Sabina ndiye atakayechukua umbo la kigutu kwa bandeji za plasta, na Bupe atamwelekeza akiwa ukumbini, nyuma ya pazia.

Asubuhi ya kazi, Bupe alisimama nyuma ya pazia hilo na mikono yake mitupu, jambo lililomtesa kuliko alivyotazamia. Alisikia kila kitu: kiti kikilia, mzee akikohoa, bandeji ikichovywa katika beseni.

"Zungusha kutoka juu kwenda chini, mama. Usivute. Usiache mkunjo."

"Sivuti."

"Anavuta," ilisema sauti ya Fanueli.

"Mwambie mumeo anyamaze, mama."

"Amesikia. Unadhani masikio nayo yalikatwa Iringa?" alisema Sabina.

Bandeji zilikwisha. Sasa ilibaki kazi yenyewe, ile ambayo Bupe aliifanya kila siku bila kufikiri: kuweka vidole gumba viwili katika vishimo vilivyo pande mbili za kano, chini ya pia ya goti, na kubonyeza mpaka plasta igande. Vishimo hivyo ndivyo vingekuwa viti vya kuukalia mwili wote wa Fanueli. Visipopatikana, angezama tena mpaka mfupani.

"Weka vidole, mama, ubonyeze kwa nguvu. Huna haraka, maji ni ya baridi."

"Ya baridi kwa mzee mgonjwa, na Julai hii? Nimeyapasha vizuri. Nimeyajaribu kwa kiwiko."

Bupe alifumba macho. Plasta iliyochovywa katika maji ya moto huganda upesi mno, na bandeji zilizoletwa kutoka karakana ndizo hizo zilizokwisha kutumika.

"Bonyeza sasa, mama! Kaza!"

"Nakaza."

"Zaidi!"

"Kinachokaza ni hii plasta, si mimi. Vidole hivi vina baridi yabisi, mwanangu, havifungui hata chupa ya soda!"

Bupe alilishika pazia. Alijua kwamba akilivuta, mzee ataurudisha mguu nyuma kwa aibu, na umbo lote litapasuka. Alijua pia kwamba akikaa kimya, goti litakwenda.

"Baba," alisema.

Tangu aolewe hakuwahi kumwita.

"Baba, mama aondoe vidole vyake, uweke vyako. Bonyeza kama unavyobonyeza ubao kujua kama ni mbichi."

Alihesabu pumzi zake akisubiri.

"Kwa kiasi gani?" aliuliza Fanueli. Hakuuliza kupitia kwa mkewe.

"Mpaka paume kidogo tu, kisha usilegeze."

"Paume kidogo," alirudia mzee, kama fundi anayepokea kipimo. "Sawa. Hapa pamekubali. Kushoto pia."

"Vizuri. Baba, ulipokuwa unatembea, ni wapi paliuma kwanza?"

Ndani kiti kililia.

"Ubavuni," alisema hatimaye. "Kuna kifupa kidogo upande wa nje, chini ya goti. Ndicho kilichoanza. Nikawa naukwepesha mguu, ndipo ncha nayo ikaanza. Sikumwambia mtu."

"Ndiyo, baba. Nimesikia."

"Na mimi nimesikia," alisema Sabina. "Mwaka mzima nimeambiwa nikawape kuku maji."

Plasta ilipovuliwa na kutolewa nje kwenye sinia, Bupe aliipeleka dirishani. Chini ya pia ya goti kulikuwa na vishimo viwili, virefu na vilivyolingana, na ndani yake ilionekana hata mistari ya ngozi ya vidole gumba vya mpasua mbao. Aliingiza vidole vyake humo kupima kina. Vilienea.

Soketi mpya ilipokamilika, ilibidi ipimwe. Karakana nyingi hutumia rangi ya mdomo: unaipaka juu ya soksi ya kigutu, mtu anasimama, kisha unasoma ndani ya soketi mahali ilipohamia. Bupe alitoa yake na kumpa Sabina, nayo ikarudi palepale.

"Anasema hapakwi rangi iliyogusa mdomo wa mkwewe. Anasema tumemvua mengi, hilo tumwachie."

Wakatumia masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta. Soketi ilipoletwa, Bupe aliisoma kama barua. Chini kabisa palikuwa peupe, maana yake ncha ya mfupa haikugusa kitu. Kwenye vile viti viwili palikuwa na weusi uliotandaa sawasawa. Lakini ubavuni, pale mzee alipopataja, palikuwa na doa lililopauka katikati na kuzungukwa na ukingo mweusi: hapo mbano ulikuwa mkali kiasi cha kuyafukuza masizi pembeni. Aliirudisha karakana, akaipasha plastiki mahali hapo kwa hewa ya moto na kuisukuma nje kidogo. Ilipopimwa tena, kifupa kile kiliacha kivuli tu.

Fanueli alijifunza kutembea upya nyuma ya zizi, mahali ambapo hakuna dirisha lililomwona. Daktari alikitazama kigutu mwezi wa Agosti, na lile neno la kukata juu ya goti halikutajwa tena.

Siku moja ya Septemba, Bupe akiwa anaanua nguo, alisikia hatua uani. Moja nzito, moja nyepesi, na nyuma yake kwato. Kwa mazoea aliingia ndani na kusimama nyuma ya mlango.

Hatua zilisimama kizingitini.

"Bupe."

Hakuwahi kulisikia jina lake katika sauti hiyo. Alitoka.

Macho yake yalikwenda kwanza mguuni, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaona kwamba mzee amesimama sawa, uzito upande huu na upande huu, bila gongo. Ndipo alipomtazama usoni. Alikuwa mtu mwenye kovu dogo juu ya nyusi, na Anord hakuwahi kumwambia.

Mkononi mwake Fanueli alishika kamba ya ng'ombe mwekundu aliyekomaa. Ndama jike alisimama chini ya tumbo la mamaye.

"Yule niliyesema tungoje aache kunyonya ndiye huyu mkubwa," alisema. "Nimekucheleweshea mpaka amekuwa mama. Siwezi kukulipa ndama na kubaki na ng'ombe wako zizini mwangu. Wachukue wote wawili."

"Ndaga, tata," alisema Bupe kwa Kinyakyusa, akimshukuru kama baba, akapiga goti kidogo, kisha akanyoosha mkono.

Fanueli alimwekea kamba kiganjani na kuvikunja vidole vya Bupe juu ya kamba hiyo kwa mkono wake mwenyewe.